Mistari Inayocheza Kwenye Paneli

Sogeeni karibu, wanangu, mtazame paneli iliyo juu ya skrini hii. Kushoto kuna menyu, kulia kuna saa, na hapo kando ya saa kuna kijisanduku chembamba chenye mistari inayopanda na kushuka. Fungua kivinjari uone: mistari inaruka. Kiache kitulie: mistari inalala. Wengi wakikiona mara ya kwanza hudhani ni pambo tu, wakaendelea na shughuli zao. Wachache huuliza, "Hiki kinapima nini?" Leo nataka tulijibu swali hilo mpaka tufike mwisho wake, kisha tukiandikie kijisanduku hiki mwongozo, ili mtoto mwingine aliye peke yake na kompyuta, asiye na wa kumuuliza, naye akielewe.

Kijisanduku hiki ni programu-jalizi, yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu kubwa. Programu kubwa hapa ni paneli ya Xfce, eneokazi lililoanzishwa mwaka 1996 na Mfaransa Olivier Fourdan, na ambalo leo hutunzwa na watu wa nchi mbalimbali wanaojitolea. Nembo yake ni panya. Watu wenye kompyuta kongwe hulipenda kwa sababu halili kumbukumbu nyingi, kwa hiyo mashine ambayo mwenyewe ameshaikatia tamaa huweza kuamka tena na kufanya kazi za shule. Kwenye mifumo ya Linux kama Debian na Ubuntu, kifurushi cha kijisanduku chetu kinaitwa xfce4-cpugraph-plugin. Ukishakisakinisha, bofya paneli kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuongeza kitu kipya, kitafute kwenye orodha, basi kimekaa mahali pake. Hayo hayana ugumu na sitayarudia. Utamu wote uko kwenye lile swali.

Prosesa ndiyo inayofanya mahesabu yote ndani ya kompyuta. Siku hizi prosesa moja huwa na viini kadhaa, na kila kiini huweza kushika kazi yake peke yake. Kwa nukta yoyote ya wakati, kiini kiko katika moja ya hali mbili: ama kinatekeleza maagizo ya programu fulani, ama hakina la kufanya. Sasa kama hali ni mbili tu, ile asilimia 45 tunayoisikia inatoka wapi? Inatoka kwenye muda. Ukiambiwa prosesa imetumika asilimia 45, maana yake katika kipande cha muda kilichopita, sehemu 45 kati ya 100 ilikuwa kazini, na sehemu 55 zilizobaki ilikaa bure.

Anayetunza hesabu hiyo ni kerneli, programu iliyo katikati kabisa ya Linux, ile ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kerneli ndiyo inayogawa zamu: wewe kicheza muziki ingia, wewe kivinjari subiri kidogo, wewe saa ingia ubadilishe dakika kisha utoke. Kwa kuwa zamu zote hupita mikononi mwake, inajua kila kiini kimetumiaje muda wake, na hesabu hiyo huiweka wazi kwenye faili liitwalo /proc/stat.

Faili hili ni la ajabu. Ukiuliza ukubwa wake utaambiwa ni sifuri, na ukilitafuta kwenye diski hulipati kamwe. Halipo mpaka ulifungue. Unapolifungua ndipo kerneli inapoliandika palepale kutokana na hesabu iliyo nayo, na ukilifungua tena baada ya kupepesa jicho, namba zimeshabadilika. Tulifungue sasa hivi. Fungua teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika maneno haya, kisha bonyeza Enter:

head -n 1 /proc/stat

Utapata mstari mmoja tu. Namba zako hazitafanana na zangu, lakini tuchukue mfano huu:

cpu 48210 0 10550 902300 1200 0 340 0 0 0

Namba ya kwanza ni muda ambao prosesa ilitumikia programu za kawaida za mtumiaji. Ya pili ni ya programu zilizopewa kipaumbele cha tofauti, kwa kawaida zile zilizoambiwa zisiwe na haraka. Ya tatu ni muda wa kerneli yenyewe. Ya nne, ile kubwa kuliko zote, ni muda wa kukaa bure. Ya tano ni muda wa kukaa bure huku kuna kazi inayosubiri diski ilete kitu. Ishikeni hiyo akilini, tutaihitaji baadaye. Zinazofuata zinahusu kuhudumia vifaa kama kadi ya mtandao, na kompyuta pepe, nazo tuziache kwa leo. Kipimo chake ni sehemu ya mia ya sekunde, kwa hiyo namba ikiongezeka kwa 100, sekunde moja imepita.

Namba hizi huanzia sifuri kompyuta inapowashwa, kisha zinapanda tu. Ni kama mita ya maji ya nyumbani: ukiisoma mara moja unajua maji yote yaliyopita tangu ifungwe, lakini hujui leo mmetumia kiasi gani. Ukitaka ya leo, unasoma asubuhi, unasoma jioni, unatoa. Kijisanduku chetu hufanya hivyohivyo, ila asubuhi na jioni yake kwa kawaida huachana kwa muda usiofika sekunde. Tuseme sekunde moja imepita, tukasoma tena:

cpu 48350 0 10590 902515 1205 0 340 0 0 0

Chukueni kalamu tutoe pamoja. Programu za mtumiaji zimeongezeka kwa 140. Kerneli 40. Kukaa bure 215. Kusubiri diski 5. Jumla yake ni 400. Hapo aliye makini atanisimamisha: sekunde moja ni 100, hizi 400 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye viini. Kompyuta ya mfano wetu ina viini vinne, na mstari huu wa kwanza unajumlisha muda wa vyote. Ukishuka chini kwenye faili hilohilo utakuta cpu0, cpu1, cpu2 na cpu3, kila kimoja na mstari wake.

Muda wa kazi, basi, ni 140 na 40, yaani 180. Gawa 180 kwa 400, unapata asilimia 45. Kijisanduku huchora upande wa kulia mstari mmoja wima uliofika asilimia 45 ya kimo chake, mistari mingine yote inasogea hatua moja kushoto, na ule wa zamani kuliko yote unatoweka ukingoni. Kisha kinasubiri, kinasoma tena, kinatoa tena, kinachora tena. Hiyo ndiyo kazi yake usiku na mchana.

Nawaomba mkae na jambo hili kwanza, kwa sababu mwongozo wote utasimama juu yake. Mstari mmoja ni wastani wa muda wote uliopita kati ya usomaji mmoja na unaofuata. Fungua mipangilio ya kijisanduku utakuta unaweza kuchagua muda huo: robo sekunde, nusu sekunde, robo tatu ya sekunde, sekunde moja, au sekunde tatu. Chukua programu inayoamka, ikaitumia prosesa nzima kwa sehemu tatu za kumi za sekunde, kisha ikalala. Ukiwa umechagua robo sekunde, utaona mnara mmoja au miwili umechomoza. Ukiwa umechagua sekunde tatu, zile sehemu tatu za kumi zinasambazwa ndani ya sekunde tatu nzima, na unachoona ni kilima cha asilimia 10. Kazi ni ileile, kompyuta ni ileile, lakini mchoro mmoja unapiga kelele na mwingine umenyamaza. Mwongozo unaosema tu kwamba hapa unachagua kasi ya kusasisha haujamsaidia msomaji. Mwambie kitakachopotea akichagua polepole. Mwambie pia kwamba akichagua haraka, kijisanduku chenyewe kinaamka mara nyingi zaidi, na kila kuamka kunakula prosesa kidogo.

Halafu kuna upana. Katika mtindo wa kawaida kila usomaji huchukua pikseli moja. Kijisanduku chenye upana wa pikseli 80 kinachosoma kila robo tatu ya sekunde kinakumbuka sekunde 60. Kikisoma kila robo sekunde kinakumbuka sekunde 20 tu, na kikisoma kila sekunde tatu kinakumbuka dakika 4. Ukimwekea msomaji hesabu hiyo, ataweza kutazama kijisanduku na kusema, "Kile kimlima cha katikati ni cha nusu dakika iliyopita, nilipofungua ile video." Hapo mchoro umegeuka kuwa kumbukumbu anayoweza kuisoma. Kuna pia swichi inayobadilisha muda usiende kwa hatua sawa: ya karibuni yanaonekana kwa nafasi, ya zamani yanabanwa. Akiiwasha, hesabu yetu ya pikseli haifai tena, na lazima mwongozo useme hivyo.

Sasa tufike mahali ambapo watu wazima wengi hudanganyika, na hapa ndipo ninapotaka mwongozo wenu uwe bora kuliko mingi niliyoisoma. Fungua teminali uandike:

yes > /dev/null

Programu ya yes haina akili nyingi. Kazi yake ni kuandika herufi y, ikashuka mstari, ikaandika y tena, bila kukoma. Tumeielekeza iandike /dev/null, mahali ambapo kila kinachoandikwa hutupwa palepale, kwa hiyo haiwezi kujaza diski wala kuharibu chochote. Itakimbia tu kwa nguvu zake zote. Tazama kijisanduku. Mngetarajia kijae mpaka juu, sivyo? Kwenye kompyuta ya viini vinne kinapanda mpaka karibu robo, asilimia 25, kikatulia hapo.

Programu inakimbia kadiri inavyoweza, na bado mchoro unasema robo tatu ya kompyuta iko bure! Vyote viwili ni kweli. Programu hii inajua kutumia kiini kimoja tu kwa wakati mmoja. Kiini hicho kimejaa pomoni, vingine vitatu vimekaa, na kijisanduku kinaonyesha wastani wa vyote vinne. Fungua teminali ya pili uandike amri ileile: mchoro unapanda hadi nusu. Ya tatu: robo tatu. Ya nne: umejaa. Kisha nenda kwenye kila teminali, shikilia Ctrl ubonyeze C, uone ngazi inavyoshuka hatua kwa hatua. Nimewaonyesha watoto wengi jaribio hili, na sijaona mmoja ambaye baada ya hapo alisahau maana ya kiini.

Fikirini sasa mtu ambaye mchezo wake umeganda. Anatazama paneli, anaona asilimia 25, anasema prosesa haina tatizo, anaanza kulaumu intaneti. Kumbe programu yake imenasa ndani ya kiini kimoja, na hicho hakina nafasi hata ya kupumua. Kwenye kompyuta ya viini vinane mchoro ungesema asilimia 12 na nusu, na tatizo lingejificha zaidi. Kwa hiyo mwongozo uandike kwa herufi za kusomeka: mstari uliokwama kwenye kimo kimoja bila kuyumba, hata kama kimo hicho ni kidogo, unastahili kuchunguzwa. Gawa 100 kwa idadi ya viini vyako. Ukiona mstari umeng'ang'ania namba hiyo, yaelekea kuna kiini kimoja kilichojaa.

Mipangilio ina dawa yake. Unaweza kukiambia kijisanduku kifuatilie kiini kimoja tu badala ya vyote, na unaweza kuwasha vipau vidogo pembeni vinavyoonyesha matumizi ya sasa ya kila kiini. Kwa macho yangu hivyo vipau ndivyo bora, kwa sababu ukifuatilia kiini kimoja unaweza kukuta kazi imehamia kwa jirani: kerneli ina haki ya kuihamisha programu kutoka kiini kimoja hadi kingine, na huitumia. Angalizo lingine dogo: prosesa nyingi huweza kuonyesha viini vingi kuliko zilivyo navyo, kwa kuendesha nyuzi mbili za kazi ndani ya kiini kimoja. Prosesa ya viini viwili inaweza kuonekana na vipau vinne. Haijaharibika.

Mitindo ya kuchora na rangi nitaipitia haraka. Kuna mtindo wa kawaida wa mistari iliyojaa, wa taa ndogondogo zilizopangwa, wa gridi, na ule usiokumbuka chochote bali huonyesha sasa tu. Kuna rangi moja, rangi zinazofifia, na rangi za moto. Chagueni mnazozipenda. Ila mwongozo utaje kizingiti: ukikiweka asilimia 5, matumizi yaliyo chini ya hapo yanachorwa kama sifuri, na mtu asiyejua atadhani kompyuta yake imelala kabisa.

Tulisema ile namba ya tano tutaihitaji. Siku moja kompyuta yako itakuwa nzito, dirisha halifunguki, kielekezi kinasuasua, na mistari kwenye paneli imelala chini kama hakuna kitu. Usiseme kijisanduku kimekufa. Huenda prosesa inasubiri. Diski ya zamani inayozunguka inaweza kuchukua muda mrefu kuleta faili, na wakati huo prosesa haina hesabu ya kufanya, kwa hiyo mstari unabaki chini ingawa wewe umekaa unangoja. Rudi kwenye /proc/stat, soma namba ya tano mara mbili, toa. Ikiwa inapanda kwa kasi, umempata mhusika: ni diski, na huenda kumbukumbu imejaa na kompyuta inahamishia vitu diskini. Kwa kawaida mchoro wa prosesa hauahidi kuonyesha hayo. Mwongozo mzuri hutaja mipaka ya chombo waziwazi, maana msomaji aliyekata tamaa na chombo kwa sababu ya jambo ambalo si kazi yake hatarudi kukitumia.

Haya, tuanze kuandika. Kanuni yangu kwenu ni moja: usiandike sentensi juu ya swichi ambayo hujaibonyeza. Ibonyeze, tazama kilichobadilika, ndipo uandike. Ukiwa na shaka, programu hii ni huru na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma. Unaweza kufungua faili lake ukaona ni namba zipi za /proc/stat zinazojumlishwa. Mwanzoni mwa ukurasa andika toleo ulilolijaribu, kwa sababu matoleo yajayo yataongeza swichi na kuondoa nyingine.

Na uandike kwa Kiswahili bila woga. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ili hilo liwezekane kuna watu waliokaa wakapitia maneno ya menyu moja baada ya jingine, wakayatafutia ya kwetu. Ukurasa mmoja kuhusu kijisanduku kimoja ni kazi ndogo mbele ya hiyo, na mnaiweza.

Kipande cha kwanza kinaweza kuwa hivi:

"Grafu hii inaonyesha ni sehemu gani ya muda prosesa ilikuwa kazini. Mstari wa kulia kabisa ndio wa sasa. Kimo kamili ni asilimia 100 ya viini vyote kwa pamoja. Programu inayotumia kiini kimoja tu haiwezi kuujaza mchoro kwenye kompyuta yenye viini vingi. Kwenye viini vinne itafika asilimia 25. Kuona kila kiini peke yake, washa vipau. Grafu haikuambii ni programu gani inayotumia prosesa: kwa hilo, bofya grafu ili kifunguke kidhibiti cha kazi, ambacho huzipanga programu kwa majina."

Kabla ya kuandika kipande cha pili, mpe hiki cha kwanza mwenzako ambaye hajawahi kuona paneli hii. Mwache asome, afungue ile teminali, aandike yes > /dev/null, na wewe kaa kimya kabisa. Akiuliza, "Mbona imeishia 25?", angalia alikuwa amesoma mstari gani, uirekebishe sentensi hiyo. Kisha mwonyeshe Ctrl na C, maana hilo nalo tulisahau kuliandika kwenye kipande chetu.